Kikombe Nilichokikataa

Mkojo wangu ulitiwa katika kichupa pamoja na dawa ya buluu, ukachemshwa, ukageuka mwekundu kama tofali. Hapo ndipo mganga wa hospitali ya Ngao aliponiambia, "Mzee, una ugonjwa wa sukari. Kuanzia leo chai bila sukari. Asali hapana, ndizi mbivu hapana."

Nikamwambia nimekula ndizi tangu niote meno.

"Basi chagua," akasema. "Ndizi au macho yako."

Miaka ile ya hamsini ugonjwa huo kwetu haukujulikana. Mimi nilikuwa mnene, na unene wangu niliutafuta. Baba alikufa akaniachia jembe. Shuleni nilikaa mpaka nikajua kuandika jina langu, nikatoka. Shamba langu kando ya mto, huku chini ya Garsen, nililifyeka peke yangu. Sasa naambiwa tumbo langu ni ugonjwa! Niliona kama nimevuliwa nguo sokoni. Nikamkataza mke wangu asimwambie mtu.

Nilikuwa na rafiki, Muorma mwenye ng'ombe wengi. Kila kiangazi alishuka mtoni kuwanywesha, akapita kwangu. Maziwa yake yalikuja kwangu, mahindi yangu yakaenda kwake. Kiswahili chake alikiokota njiani kama nilivyokiokota mimi.

"Wewe mtu ya mto," alinitania, "tumbo yako kama ng'ombe ya kuzaa kesho."

"Na wewe miguu yako kama fimbo zako," nikamjibu.

Mwezi ule ule niliotoka Ngao, ng'ombe wake waliingia shambani mwangu wakala mahindi. Wazee wa pande mbili wakakaa. Yeye hakubishana, alikubali kosa na kunipa mtamba. Lakini kwetu shauri kama hilo halimalizwi na mtamba. Mwenye ng'ombe hupika chai ya maziwa, na mwenye shamba hunywa kwanza, wote wakiona. Asiyekunywa, maana yake bado ana neno moyoni.

Alikuwa ametuma mtu Garsen dukani kununua sukari. Akaimimina yote katika sufuria, kwa heshima yangu. Akanipa kikombe kwa mikono miwili. Nikakishika, nikakinusa, nikakiweka chini.

"Nimeshiba."

Akakiinua kikombe, akaninyooshea tena.

"Kidogo tu, ndugu yangu," akasema.

"Nimesema nimeshiba."

"Bado una neno na mimi?"

"Sina."

"Mtu hana neno, anakunywa."

Ningesema naumwa, yangekwisha. Lakini wazee walikuwa wananitazama, na mimi ndiye yule niliyeanza na jembe moja. Sikutaka wanihurumie. Nikainuka nikaenda zangu.

Kiangazi kilichofuata alinywesha ng'ombe wake juu, upande wa Hola. Asubuhi nilitega sikio nisikie kengele za ng'ombe. Sikusikia kitu.

"Nenda ukamwambie," mke wangu akasema. "Kuumwa si wizi."

"Atakuja mwenyewe. Njia anaijua."

Hakuja. Kiangazi cha pili kikapita vilevile. Mguu wangu ukatoka kidonda kisichotaka kupona, na hapo nikaogopa kwamba nitashindwa kutembea kabla sijamwona. Nikachukua fimbo na mahindi kidogo, nikaenda polepole, nikilala kwa watu njiani, mpaka kambi yao.

Nikamkuta mjane wake. Homa ilimchukua wakati wa mvua, na sisi wa chini hatukupata habari.

Mama yule hakunifukuza. Alinipa kigoda, akasema, "Alikuwa anauliza kila siku: Mimi nimemkosea nini yule mtu ya mto?"

Nikamweleza yote: kichupa, ile rangi nyekundu, kidonda. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sukari tu?" akauliza.

"Sukari tu."

Akainuka, akabandika sufuria. Akapika chai ya maziwa, mkebe wa sukari hakuugusa. Akanipa kwa mikono miwili, kama mumewe.

"Ile siku ungesema," akasema, "tungepika hivi."

Nikanywa mpaka tone la mwisho. Hapakuwa na wazee wa kuona, wala rafiki yangu.