Tuta la Nne

Mpiga chapa mstaafu alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Miaka thelathini ofisini, barua haikutoka mezani kwake na kosa. Likitokea, alilipaka wino mweupe na kulipiga upya. Lakini ulimi hauna mfupa, wala hauna wino mweupe. Siku ya mazishi ya kaka yake, miaka sita iliyopita, alimgeukia wifi yake, mjane wa marehemu, mbele ya waombolezaji wote: “Ungemwahisha hospitali, kaka yangu asingekufa.” Tangu hapo wakawa wanapeana kisogo, na wanaishi maghorofa yaleyale.

Sasa sikia mkosi. Majirani waligawana kiwanja cha nyuma ya maghorofa, matuta manane kwa watu wanane, na kura ikampa wifi tuta la nne, yeye la tano. Ubavu kwa ubavu. Angeweza kuomba abadilishiwe, ila aliona kuomba ni kukiri kwamba yanamuuma. Akajikaza kisabuni. Akapanda spinachi na mnanaa kwa rula, mistari imenyooka utadhani imepigwa kwa mashine. Wifi akamwaga giligilani hovyohovyo huku akiimba, na cha kuudhi, ikaota.

Bomba lilikuwa moja, kwa hiyo walimwagilia kwa zamu: mtu mmoja kwa wiki, matuta yote manane, kabla jua halijapanda. Anayeruka tuta la mwenzake hupoteza la kwake. Kinyozi, mwenyekiti wa bustani, aliwasomea sharti hilo mara mbili.

Zamu ya mpiga chapa ilimkuta wifi ndiyo kwanza amehamishia miche ya nyanya kwenye tuta lake. Jumanne alimwagilia la kwanza, la pili, la tatu. Kufika la nne, mkono ukagoma. Na yeye aone, akajisemea, akapita. Siku hiyo jua liliwaka kama lina kisasi, na jioni miche yote kumi ilikuwa imelala chali. Kesho yake alimwaga ndoo mbili nzima. Thubutu! Ilikuwa imeshajifia.

Nani angemshuku mwanamke anayepanda kwa rula? Kinyozi alisema miche ilikuwa dhaifu. Mpiga chapa akajiandaa kwa matusi ya wifi, tena aliyataka kabisa, maana ugomvi angeuweza. Badala yake alimsikia wifi akimwambia kinyozi kwa sauti ya chini, “Hilo tuta mpe mwingine. Mkono wangu umekufa. Nikigusacho hakidumu.”

Kinyozi akamwomba asubiri hadi mkutano wa bustani wa Jumamosi.

Mpiga chapa alimjua vizuri aliyempandikizia wifi maneno yale. Akinyamaza, spinachi zake zingevunwa wiki ijayo na heshima yake ingebaki mahali pake. Wifi naye angerudi ndani na kuamini hivyo mpaka kaburini.

Ijumaa akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Wifi alifungua mlango, kitambaa cha vyombo begani. Hakusema karibu, lakini hakufunga.

“Jumanne nililiruka tuta lako,” mpiga chapa alisema. “Makusudi. Mkono wako hauna kosa.”

Wifi alikishusha kitambaa begani. “Ni hilo tu lililokupandisha ngazi?”

Angeweza kusema ndiyo na kushuka zake. Alitamani sana.

“Na kaka,” akasema. “Daktari aliniambia wiki ileile, baada ya mazishi. Hata ungemfikisha alfajiri, asingepona. Nililijua, wifi. Nikaona haya kurudi kukwambia.”

Wifi aliketi kizingitini taratibu. “Miaka sita,” alisema, “nahesabu dakika za asubuhi ile.” Akajifuta uso kwa kitambaa cha vyombo. “Nenda. Leo siwezi kukutazama.”

Jumamosi mpiga chapa alikiri mbele ya wote. Kinyozi alikohoa, akatazama viatu vyake, kisha akasema sharti ni sharti. Watu wakatawanyika haraka, kama watu wanavyotawanyika penye aibu ya mwenzao. Mpiga chapa akaanza kukusanya vitu vyake kwenye tuta la tano. Kwenye la nne wifi alikuwa amepiga magoti, anapanda miche mipya. Hakuinua kichwa.

“Kaka yako alikataa kutoka mpaka amalize chai,” wifi alisema, akiushindilia udongo kuzunguka mche. “Akasema kifua kinabana kidogo tu, nisimfanye mtoto. Nilimvalisha viatu mwenyewe. Ulinihukumu, hukuniuliza hata siku moja.”

Mpiga chapa aliketi palepale kwenye udongo uliolowa, na sketi yake iliyopigwa pasi.

“Nakuuliza sasa, wifi,” alisema. “Ilikuwaje?”