Uzio wa Melani

Filomena hakuwa mtu wa kutishwa, na sisi tuliokua naye kijijini Rae tulilijua hilo tangu utotoni. Kiangazi kile kampuni za almasi zilipomiminika kwenye nyika yetu ya kaskazini, alikwenda kuomba kazi ya koleo pamoja nami. Garvin, msimamizi, akazitazama mvi zake, akamuuliza kama ataweza kubeba mifuko ya mchanga.

"Nimebeba kulungu mgongoni kabla hujazaliwa," akamjibu. "Huo mchanga wako una pembe?"

Akaandikwa kazi.

Zamani sana barafu nene ilifunika nchi hii yote, ikatambaa kuelekea magharibi huku inasaga miamba. Mwamba wenye almasi una punje ndogo nyekundu, na barafu ilizitapanya njia nzima. Basi unachimba mchanga ulioachwa na barafu, unapeleka mifuko maabara, na punje zikionekana unazifuata kurudi mashariki mpaka zinapokatika. Mwamba wenyewe uko jirani na hapo. Kila tulipofika mahali pa kuchimba, Filomena aliweka tumbaku kidogo chini, maana kwetu huchukui kitu ardhini bila kulipa. Garvin akalalamika kwamba anamchafulia mchanga wake.

"Wako tangu lini?" akauliza Filomena, akaongeza tumbaku.

Punje zile zikatuleta hadi kwenye tuta refu la mchanga kando ya ziwa, na hapo ndipo alipolala Melani, mdogo wake Filomena. Alikufa kwa kifua akiwa mtoto, familia ikiwa kwenye mawindo. Baba yao alirudi kusini kunakoota miti, akapakia mbao kwenye mtumbwi, akaja kumjengea uzio mweupe kuzunguka kaburi. Tulipofika, uzio haukuwepo. Palikuwa na kishimo tu kilichoota kuvu, na Garvin alikuwa ameshapigia alama papo hapo ili tuchimbe.

"Hapa pana kaburi," Filomena akasema.

"Liko wapi? Sioni msalaba, sioni uzio. Nikisikiliza kila mtu na kaburi lake, tutachimba wapi?"

Nikakaribia kumtupia koleo. Filomena alikuwa anakitazama kigingi cha mpaka wa kampuni, pale mwisho wa tuta. Nyikani huku hakuna hata kijiti cha kuchokolea meno, na waweka mipaka huletewa vigingi kwa helikopta. Hiki kilikuwa kikuukuu, ncha yake imechongwa kwa kisu, rangi nyeupe inabanduka, na juu kimepigiliwa kibati chenye namba ya kampuni.

Akakiendea, akakishika kwa mikono miwili, akaking'oa.

"Filomena, kirudishe," Garvin akasema. "Kung'oa kigingi cha mpaka ni kuvunja sheria. Nitakupeleka polisi."

"Nipeleke. Tupande helikopta moja, nisichelewe. Jaji akiniuliza, nitamwonyesha ncha hii, baba yangu ndiye aliyeichonga. Wewe utamweleza mmeutoa wapi ubao huu."

"Sikukiweka mimi."

"Basi mtaje aliyekiweka."

Filomena akausimika ubao kichwani pa kaburi, akaketi kando yake, akaniambia, "Rozali, lete birika." Wachimbaji wengine wakatua makoleo yao, wakaja kunywa chai. Jioni Garvin akahamishia shimo lake bondeni, na kesho yake akatufukuza kazi mimi na Filomena. Polisi hatukuwaona.

Hatukurudi nyumbani. Tulichukua mashua, tukazunguka ziwa lile mpaka theluji ilipoanza, na kila kigingi chenye rangi ya baba yake tulikichomoa mchana kweupe. Uzio ukasimama tena wote. Nikatoa kisu niving'oe vile vibati vya namba, Filomena akanishika mkono.

"Viache," akasema. "Melani hakujua kusoma, lakini watu wa kampuni wanajua."