Muuza Nyama na Kinda la Chozi

Muuza nyama ana mikono ya kupasulia mifupa, lakini kabla ya kuigusa kamera hunawa mara mbili, hunusa vidole, kisha hunawa tena. Maua yote yaliyoota nyuma ya bucha ameshayapiga picha, hata ya magugu, na kila ua hulibembeleza kwanza: "Tulia, bibie, usinitikisikie." Mkewe, anayebaki kwenye mizani, hujibaraguza mbele ya wateja huku akimnunia moyoni.

Wiki tatu nzima alikivizia kiota cha chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, akitaka picha moja tu: kinda akiruka kwa mara ya kwanza. Asubuhi moja foleni ikafika mlangoni. "Baba Watoto, watu wanasubiri!" Mkewe akatoka kwa hasira, akamkuta amepiga goti, pumzi ameibana, na kinda amesimama kwenye kijiti kando ya kiota. Naye akachutama kando yake. Kinda akayumba, akaanguka kama jiwe, kisha akaidaka hewa akaenda zake. Muuza nyama akaruka akipiga makofi.

"Ameweza! Mke wangu, ameweza!"

"Na picha je?"

Ndipo akaikumbuka kamera shingoni, akabonyeza, akapata kijiti kitupu.

Picha hiyo sasa imebandikwa juu ya mizani. "Hapa ndipo alipokuwa amesimama," huwaambia wateja, kisu mkononi. Na mkewe hudakia kabla hajamaliza: "Miguu inamtetemeka, maskini, ungemwona!"