Dawa ya Bawasiri Aliyoinywa Tata

Mwanangu, siku ile ya soko naikumbuka vizuri, ingawa nilikuwa msichana tu, miaka ile ya mwanzo wa Uhuru. Baba yangu, tuliyemwita Tata, alitoka nami kijijini kwetu Birongo kupeleka ndizi mjini Kisii. Tulipopumzika njiani, hakuketi. Nilijua sababu, kwa kuwa nilikuwa nikifua nguo zake nikiona damu. Lakini kwetu binti hawezi kumtajia baba yake jambo kama hilo.

Tukaingia katika duka la Mhindi mmoja mpole aliyeuza vitambaa na viungo. Tata akaniambia nisubiri nje, nami nikasikia yote mlangoni.

"Ile dawa ya bawasiri uliyompa jirani yangu, nipe na mimi."

Mhindi akatoa unga wa mitishamba, tiba ya jadi ya kwao iitwayo Ayurveda. "Mzee, daktari amekupima? Baba yangu alipata nafuu kwa unga huu, lakini yake ilikuwa bawasiri kweli. Yako mimi siijui."

"Nimvulie nguo daktari kijana wa umri wa mwanangu? Hapana. Jirani amepona, inatosha."

Na kweli, unga ulimpa nafuu. Choo kikawa laini, akaketi tena kwenye kigoda chake akicheka na mama. Tukamshukuru Mungu. Kisha damu ikarudi. Akaongeza unga, naye akazidi kukonda, hata maua ya pareto, zao letu la kuuza, yakaozea shambani kwa kukosa nguvu za kuyachuma. Tulipomfikisha hospitali, daktari, kijana kweli, alimpima kwa upole, akasema ni saratani na imeshaenea.

Tata akamshika mkono. "Mwanangu, nilikuonea haya bure."

Hakumaliza msimu ule.

Siitukani dawa ya miti. Huenda unga ule una faida yake. Jirani yetu aliusifu mpaka uzeeni. Lakini kupona kwake kulitueleza habari zake yeye, si za Tata. Ukisifiwa dawa, uliza: aliyepona aliugua nini, na nani alimpima? Waulizie na wale walioinywa wasipone, maana wengi wao hawapo tena kusimulia. Na ukiona damu, nenda ukapimwe, hata kama aibu inakufunga mdomo.

Mungu akulindie mwili wako, akupe mtu wa kumwambia panapouma. Uzeeke, uwapakate wajukuu. Tata hakuwahi kukuona wewe.