Mashine ya Kahawa ya Kaka Yangu

Tona, ule unga mweusi wa mashine za fotokopi, ni plastiki iliyochanganywa na rangi na kusagwa mpaka ikawa laini kama poda. Joto la mashine huiyeyusha, ikashika kwenye karatasi. Hayo niliyajua. Nilikuwa na duka la fotokopi mjini, mtaa wa Themi, na kemia yangu ya sekondari niliijivunia mno. Nilichoka kununua tona, nikaamua kutengeneza yangu.

Niliyeyusha vikombe vitupu vya mtindi pamoja na masizi. Vilipopoa nikapata bonge jeusi, nikalivunja kwa nyundo. Kilichobaki ni kusaga. Nikapanda kijijini Nkoaranga kwa kaka yangu, ambaye alikuwa akikaanga kahawa ya shambani kwake, akaisaga na kuwauzia wageni waliokuja kutembea mlimani.

"Ni nini hicho, mdogo wangu? Lami?"

"Ni unga kama unga mwingine, kaka. Mashine nitakuachia safi."

Shemeji akacheka. "Haya, fundi wa mjini! Usije ukatunywesha barabara."

Mashine ilizunguka kidogo tu, ikapata moto, plastiki ikalainika na kuganda kwenye meno yake. Sikuwa nimefikiria kwamba kusaga nako huleta joto. Tulikwangua kwa kisu mchana kutwa, tukapitisha mahindi yaondoe mabaki. Kaka akauliza kama imetakata. Nikasema imetakata. Sikuonja chochote. Niliona aibu, nikataka kuteremka haraka.

Wageni waliofuata waliitema kahawa yake pale pale uani. Kaka akanipigia simu. Badala ya kupanda, nikamwambia apitishe mahindi tena, itakuwa sawa. Akaniamini mara ya pili. Kundi lililofuata nalo likatema, na mwongoza watalii akaanza kuwapeleka watu wake kwa jirani.

Siku hizi kaka anauza kahawa yake bila kuikaanga, kwa bei wanayotaka wanunuzi. Nilipofunga duka nilipanda kwake, nikamkuta akichambua kahawa, nikamwambia nitamnunulia mashine nyingine.

"Mashine zipo," alisema. "Atakunywa nani?"

"Nitakunywa mimi kwanza, mbele yao."

"Hilo ungelifanya siku ile."

Akaendelea kuchambua kahawa. Nikavuta kigoda, nikachambua naye mpaka jua likapungua, na hakuna aliyeitaja tena mashine.