Mwenye Matamvua Sita

Subira wa Vanga amepasua papa dikoni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, kwa miaka ishirini na saba. Hajui kusoma, lakini ukoo wa kila samaki anaujua kwa kisu. Matamvua, ile mianya ya kupumulia, yakiwa ubavuni, huyo ni papa; yakiwa upande wa chini, ni wa ukoo wa taa, yule samaki bapa, hata akiwa na msumeno puani kama huyo aitwaye papa upanga.

Hayo yote Subira ndiye aliyemfundisha Harrison, mtafiti wa kutoka mjini, aliyekaa kando ya gogo lake la kupasulia miezi mitatu akimwita mama. Kitabu kilipotoka, mikono ya Subira ilikuwa pichani, jina halimo. Jirani yake Asiya alimsomea ukurasa wa shukrani mara mbili: wavuvi wa Vanga, basi. Subira hajapata kuvua hata dagaa.

Mwaka jana akaja Nadhira, binti wa Msambweni, na daftari. Alitoa shikamoo, akauliza habari za papa.

"Muulize Harrison, mwanangu," Subira akamjibu. "Yeye ndiye ajuaye."

Binti hakukasirika. Kila Alhamisi alirudi.

Jumatano moja, nahodha Mbwana alileta samaki wa maji makuu, urefu wa mkono, mwenye msumeno. Akasema ni mtoto wa papa upanga. Subira akamgeuza. Upande wa chini ulikuwa laini, hauna kitu. Matamvua yalikuwa ubavuni, tena sita, si matano, na kwenye msumeno zilining'inia ndevu mbili. Huyu hakuwa wa taa. Alikuwa papa, wa ukoo ambao kisu chake hakijapata kuukuta.

Moyo ulimtuma amtie chumvi, amngojee Nadhira. Kisha akamkumbuka Harrison. Akamkata vipande vya kitoweo, kichwa akakitupa mikokoni.

Kesho yake Nadhira alipokuja, Mbwana akamtobolea habari za samaki yule.

"Matamvua mangapi, Bi Subira?" Nadhira akauliza.

"Sita."

Wakaenda mikokoni wote wawili. Walikuta nyayo za kaa tu. Papa hana mfupa wa kubaki, na hilo hakuna aliyelijua vyema kuliko Subira.

Nadhira akafungua ukurasa wa kwanza wa daftari, uliokwisha kuchakaa, akamsomea: "Mwalimu wangu, Subira binti Tofiki, Vanga."

"Uliliandika lini?"

"Siku ile uliyonifukuza. Lakini bila samaki mwenyewe wataalamu hawatatuamini, mimi wala wewe."

Siku hizi ndoo ya chumvi haitoki kando ya gogo. Kila papa akiletwa, Subira humhesabu matamvua kwanza kabla ya kushika kisu. Matano. Na anayefuata, matano.