Michembe Aliyokula Mbuzi wa Jirani

Mimi nikiogopa, nacheka. Ndivyo nilivyo tangu utotoni, na imeniponza msibani, mbele ya walimu, hata mbele ya wakwe. Kwa hiyo mchungaji wetu hapa Mwisenge, Musoma, alipotuambia sisi wanafunzi wa ubatizo kwamba mwenye neno na ndugu yake akalimalize kabla ya Jumapili, nilicheka peke yangu, darasa zima likanigeukia. Nilikuwa na miaka arobaini, karani wa ofisi, mtu mzima na heshima zake. Na nilikuwa na neno na dada yangu.

Neno lenyewe ni hili. Tulipokuwa wasichana kijijini kwetu Butiama, Jumamosi moja zamu ya kuchunga ilikuwa yangu. Nikawaacha ng'ombe nikaenda kutazama harusi, na ng'ombe nao wakaenda zao kwenye mtama wa jirani. Jioni Baba akauliza nani alikuwa nao. Nikamnyooshea dada kidole. Dada akanitazama, akanyamaza. Baba akasema asiyejua kuchunga akae nyumbani ajifunze, na dada hakurudi shule tena. Mimi niliendelea, nikapata cheti, nikapata kazi Musoma mjini. Yeye aliolewa Bunda, analima pamba. Hatukuwahi kulizungumza.

Kilichonitesa zaidi ni michembe. Tangu nianze kazi, kila kiangazi, dada alinitumia mfuko mzima wa viazi vitamu alivyovikata vipande na kuvianika mwenyewe juu ya mawe. Utotoni niliipenda kuliko nyama. Sasa kila kipande kilinikwama kooni, nikawa naipeleka kwa mbuzi wa jirani hapa Mwisenge. Mbuzi yule alinenepa kwa dhambi zangu.

Alhamisi nikaomba ruhusa kazini, nikapanda gari la Bunda. Njia nzima nilicheka chinichini, mpaka mama niliyekaa naye akahama kiti. Nilimkuta dada uani kwake, ameketi mkekani anachambua pamba, safi huku, chafu kule. Nikaketi, nikaanza kuchambua naye. Mikono ikiwa na kazi, mdomo nao unapata ujasiri.

"Dada, siku ile ng'ombe nilikuwa nao mimi."

"Kwani mimi silijui hilo?" alisema bila kuinua macho.

"Jumapili nabatizwa. Nimekuja kukuomba msamaha." Kicheko kikanitoka, na machozi nayo.

"Acha kucheka nikwambie. Nilikuchukia, mdogo wangu. Nikikuona na yunifomu, nilikuwaga naingia jikoni nalia. Ile michembe ya kwanza nilituma kwa hasira, uone kazi ninayofanya mimi, wewe umekaa kwenye kiti. Mwaka wa pili hivyo hivyo. Mwaka wa tatu naanika, natafuta ile hasira, siioni. Nawaza tu kwamba wewe ulikuwaga unapenda vipande vinene." Akatupa ganda la pamba pembeni. "Mambo ya kanisa lenu mimi siyajui. Ila hilo liliishaga."

Nilijisikia mwepesi, nikadhani nitapaa na pamba ile. Na kwa wepesi huo nikapata wazimu wa kusema ukweli wote. Nikamwambia habari za mbuzi.

Dada akaweka pamba chini. "Mbuzi?"

"Mbuzi wa jirani."

"Miaka yote?"

"Miaka kumi na minne."

Aliyenisamehe shule alishindwa kabisa kunisamehe michembe. Alisimama, akanisema mpaka watu wakachungulia uani: jua lile, mgongo ule, kufukuza kuku, kukimbia kuanua mvua ikitishia, kumbe ananenepesha mbuzi wa watu asiowajua. Nilicheka, safari hii si kwa woga. Naye akajikaza, akakunja uso, akashindwa. Tulicheka hadi tukaangukia pamba, safi na chafu tukaichanganya tena, ikabidi tuanze upya.

Darasani kwa mchungaji, swali la neema nilikuwa nalijibu wa kwanza, bila kigugumizi. Sikujua kwamba neema yenyewe ilikuwa inanifikia kila kiangazi ndani ya mfuko wa plastiki, nami nampa mbuzi.

Jumapili, nilipoibuka majini pale ziwani, nguo zimenigandia na waumini wanaimba, nilimwona dada ufukweni ameshika bakuli. Yeye hajabatizwa mpaka leo, na kuimba hakuimba. Aliingia ziwani na viatu vyake, maji yakamfika magotini, akachagua kipande kinene cha michembe aliyoipika kwa karanga.

"Kula hapa hapa," alisema. "Nikuone."

Mchungaji akasubiri, mkono wake ungali begani kwangu. Nikatafuna. Kikashuka vizuri, nikafungua mdomo nipewe kingine.